Kahawa Niliyoshindwa Kuikataa

Mjukuu wangu Nasra,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Sisi huku Ibra, Oman, wazima, ila magoti yangu yamegoma, na babu yako hajui kama kumeadhiniwa mpaka aguswe bega.

Unaniuliza ukasomee wapi hayo mambo ya makabila na asili za watu: chuo kikubwa cha ng'ambo, au kile kidogo cha Nizwa, humu humu Oman. Mwanangu, mimi kuulizwa asili kumenichosha tangu ujana.

Tulipofika hapa kutoka Unguja, na yaliyotutoa huko tuyaache, jirani alinialika kahawa pamoja na wanawake wenzake. Kwetu ukitosheka unarudisha kikombe, basi. Nikarudisha, wakanijazia. Nikarudisha, wakanijazia tena. Nilikunywa mpaka moyo ukanienda mbio, na wao wanabishana mbele yangu: huyu Mwarabu au Mswahili? Babu yake wa mji wa Samad au wa Al Qabil? Wallahi, ukoo wangu waliujua kuliko mimi.

Bibi mmoja aliyekaa mlangoni akanishika mkono akakitikisa kikombe changu. Kumbe huku ndiyo alama ya kutosheka. Birika halikuja tena.

Vyuo mimi sivijui. Nenda kote kuwili, ukae darasani, uwatazame walimu. Wale wanawake walijua mimi ni wa nani. Yule bibi aliona nimechoka. Popote utakapompata mwalimu kama yeye, kasome hapo.

Bibi yako,
anayekuombea akiwa amekaa, maana kusimama siwezi tena.