Safu ya Tatu

Jumamosi, watoto wamelala

Eti gari la familia. Leo Baba Neema katupeleka yadi kuchagua gari la kununua, na shemeji kalizunguka moja la Kijapani akisifia redio tu, kama vile tutasafiri ndani ya redio. Mimi nikapanda na watoto safu ya tatu. Magoti yakanigusa kidevu, na dirisha halifunguki.

"Huko ni kwa akina mama na watoto, shemeji," akasema.

"Na mama yenu tukimpeleka Mpwapwa?"

"Atakaa mbele."

"Basi wewe njoo ukae huku."

Akaingia kwa mbwembwe. Kutoka, ikabidi avutwe mikono.

Baba Neema alicheka, kisha akaniuliza mbele ya mdogo wake, "Wewe unataka lipi?"

Hajawahi kuniuliza. Nikamjibu sijui bado, nitakaa kwanza kiti cha nyuma cha kila moja.