Tembe Lisilo na Moshi

Ihumwa, Dodoma
9 Novemba 1952

Kwako dada yangu Hansa,

Salamu nyingi zikufikie huko Tabora, wewe na shemeji Mansukh na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima wote, na kwamba lile jino lililokuwa likikusumbua ulipokuwa hapa limekwisha kung'olewa, maana najua unavyoogopa koleo. Sisi huku tunaendelea. Mume wangu Matonya bado yuko kwenye kazi ya reli, anarudi Jumamosi amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mvua haijanyesha, mawingu yanakuja kututania, kisha yanakwenda zake kwa watu wengine. Mama yako nilimwona mjini majuzi, nikampa shikamoo, akanipa chai ya tangawizi na kunisema kwamba nimekonda. Mama yangu mimi ndiye sina hakika kama niseme hajambo. Nitafika huko.

Ile siku ya Juni ya kumkumbuka baba yako watu bado wanaizungumza. Wewe ulikaa mbele pamoja na wakubwa, hukusikia yaliyosemwa nyuma, kwa hiyo acha nikusimulie. Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, aliposema kwamba marehemu Vithaldas, mfanyabiashara wa Dodoma, alikipigania kilima chetu wakati wa vita, miti yake ilipotakiwa iwe kuni za garimoshi, wazee waliitikia kwa heshima. Lakini mmoja akanong'ona kwamba Bwana Shauri amesahau utamu wa hadithi yenyewe. Hakusema jinsi mzee alivyokuwa akikipanda kilima amefunga kitambaa kichwani, karai la miche mkononi, akiwaamkia wachunga mbuzi kwa Kigogo "Mbukwenyi!" kwa ile sauti yake, nao wanaanguka kwa kicheko kwanza ndipo wamwitikie. Kina mama nao wakasema kisima cha chini ya kilima sasa hakikauki kiangazi. Kile kibao cha marumaru mlichokisimamisha ni kizuri, sisemi, ila mbuzi wamekwisha kukizoea, wanajikunia.

Halafu kuna tembe, nyumba yetu ya dari la udongo. Najua unayajua haya, lakini nivumilie niyaseme. Babu yangu alilijenga wakati wa wapagazi, na misafara ilikuwa ikilala kwenye ua wake. Majirani walipoanza kubomoa matembe yao ili wajenge nyumba za mabati, baba yako alimwendea marehemu baba yangu akamwomba asilibomoe letu. Hakutaka kulinunua. Alisema libaki mali yetu, yeye atagharimia miti na udongo wa dari kila kiangazi, na sisi tumlipe kwa ugali wa uwele na mlenda siku ya Jumapili, kwa kuwa kijijini kwao Bara Hindi walilelewa kwa uwele, na mjini Dodoma kila mtu alijifanya wa mchele. Ndivyo wewe na mimi tulivyojuana, wewe ukishuka kwenye lori na viatu vyako vyeupe, mimi nikikuringia kama mwenye nyumba. Naye alikaa kwenye kiti chake karibu na mafiga, anakohoa, machozi yanamtoka, anakula.

Siku ile ya Juni ulisimama ukasema kwamba daktari alimkataza moshi, na kwamba moshi wa nyumba ile ndio uliomuua. Ukaomba tembe lifungwe kama alivyoliacha, kiti chake kikae mahali pake, na moto usiwashwe humo tena. Mama yangu alikuwa amekaa chini kando yangu, yeye aliyeuwasha moto ule Jumapili zote. Aliinuka, akaenda kufunga mizigo yake, akahamia kwangu. Wewe ukatia kufuli kubwa, ukaondoka na ufunguo.

Hansa, watu wote waliokuwa uani siku ile walijua kwamba tembe huishi kwa moshi. Moshi ndio unaofukuza mchwa kwenye miti ya dari. Nyumba ikikosa moto miti huliwa, na juu ya miti kuna udongo mzito. Walijua, mimi nikiwamo, na hakuna aliyefungua mdomo. Mfiwa habishiwi. Akisema jua ni baridi, unatafuta blanketi mjifunike pamoja. Tulidhani ndiyo heshima.

Mwezi wa tisa nilikuwa nafagia ua nikasikia mlio ndani, kama mtu anayetafuna bisi. Nilitega sikio mlangoni. Walikuwa mchwa. Ndipo nilipokuandikia kuomba ufunguo, nawe ukanijibu kwa upole kwamba asiingie mtu mpaka uje mwenyewe mwaka kesho. Kosa si lako, sikukueleza sababu. Nilisema tu nataka kufagia vumbi. Woga ule ule. Kisha mwisho wa mwezi uliopita dari ya upande wa mashariki ilianza kuzama, na mawingu ya mvua yakaanza kuonekana.

Sasa nakuambia jambo lililonifanya niharibu karatasi kadhaa kabla ya hii. Jumatatu nilichukua nyundo ya Matonya nikalivunja kufuli lako. Sikumtuma mtu. Ndani palikuwa na baridi na harufu ya ardhi. Nilikishika kiti cha baba yako ili nikisogeze, kikanivunjikia mikononi. Kwa nje kilikuwa kiti, ndani mchwa walikuwa wamekimaliza. Nilikaa chini nikalia kwa sauti kama mtoto. Nilipokwisha kulia nilivikusanya vile vipande, nikaviweka kwenye mafiga, nikaviwasha.

Nimekichoma kiti cha baba yako, Hansa. Nimetaka ulisikie kwangu, si kwa mtu mwingine. Nilipokuwa nikiupuliza moto ule niliikumbuka siku walipompeleka kumchoma, wanaume peke yao kwa desturi yenu, nawe na mama yako mkabaki barazani, mimi nimekushika mkono. Hukutoa chozi hata moja, na moto wake hukuuona. Nikasema basi, huu nautazama kwa niaba yako.

Tangu hapo nalala humo na watoto. Vijana wameitoa miti iliyoliwa na kuweka mingine, ile iliyokauka yenyewe kule kilimani kwa baba yako, na jana Matonya amepandisha udongo. Tembe litasimama.

Kuhusu moshi, sitabishana na daktari. Huenda ulimpunguzia siku zake, mimi sijui. Ninalojua ni kwamba mama alitaka kuuzima moto kila mzee alipozidiwa na kikohozi, naye alimkataza. Nilikuwa napepeta uwele mlangoni, nikamsikia akimwambia kwamba kifua ni chake peke yake, lakini nyumba ina wenyewe wengi, na wengine hawajazaliwa. Auache moto uwake. Nimemkumbusha mama maneno hayo, lakini neno lako limemkaa moyoni kuliko ya mzee. Anashinda kizingitini. Ananiambia niongeze ukuni upi, ananicheka kwamba nawasha moto kama binti wa misheni, ila mguu wake hauvuki mlango. Anasema hawezi kuugusa moto uliomuua mtu mpaka mwenye msiba amruhusu. Chakula chenyewe anadonoadonoa tu.

Ninalokuomba ni hilo. Nikasirikie mimi kwa kufuli na kwa kiti, uninunie hata mwaka mzima, nimezoea. Uliwahi kuninunia kwa sababu ya kidoli. Lakini mama yangu Ruthu mwambie awashe moto.

Wape watoto wako mabusu yangu, na shemeji umwambie deni la hadithi za simba bado tunamdai. Matonya anakusalimu, na anasema nyundo ni ya serikali, kwa hiyo asitajwe. Kama nauli ya garimoshi ipo usingoje mwaka kesho. Njoo uketi hapo kiti kilipokuwa. Moshi utakutoa machozi, dada yangu, na humu ndani hakuna mtu atakayekuuliza unalia nini.

Ni mimi dada yako, anukaye moshi,

Zipora