Besi na Ngoma ya Jando

Newala, 14 Agosti 1994

Kaka Mujibu, shikamoo.

Huku tu wazima, mikorosho imechanua. Lile besi la kusimama, zeze kubwa la sauti nzito, nimemaliza kulitengeneza. Ninalipiga huku redio kaseti mbili zikirudisha sauti nilizorekodi na kuzipunguza mwendo.

Tarehe 6 nilipiga sokoni. Kwenye kanda niliweka ngoma ya siri ya jando, nikidhani kwa mwendo ule haitatambulika. Baba Faidha, mmoja wa wazee wa jando, aliitambua upesi, akazima redio.

"Unawasikilizisha wanawake mambo ya kambini?"

Mama mmoja muuza mihogo akacheka. "Sisi tulidhani mashine ya kusaga, Baba Faidha. Wewe ndiye umetuambia."

Wazee wakaamua nifute kanda, la sivyo sitampokea mwanangu akitoka jandoni mwezi ujao. Leo nimeifuta mbele yao. Waliuliza kama ipo nakala, nikasema hakuna.

Kaka, futa ile niliyokutumia, ili nisiwe nimewadanganya. Ila isikilize kwanza, mara moja, peke yako. Wewe ulipita jandoni, unaruhusiwa, na sijawahi kupiga vizuri kama humo.

Mdogo wako,
Safari