Orodha Niliyoiandika Bila Kukuuliza

Mpendwa shemeji,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kampuni ikipata hasara ya kweli, basi kila anayefukuzwa amefukuzwa kwa haki. Mimi nilidhani hivyo, tena nilikuwa karani, mtu aliyesomeshwa na mapadri. Ninakuandikia wewe uliyeko Yanonge, huko chini ya mto, lakini sikuifunga barua. Yeyote atakayeishika njiani na aisome.

Mwaka ule mpunga haukuja. Tulijionea wenyewe: ghala la kinu chetu hapa Kisangani lilikuwa tupu hadi panya wakahama, na mashine ya kukoboa ilizungushwa asubuhi tu. Direkta hakudanganya. Aliniita ofisini akasema, "Karani, watu sita waondoke. Wewe unawajua. Andika."

Wewe ulikuwa kwenye chekeche. Uliweka kiganja chini ya mchele unaoshuka, ukajua kabla ya fundi kwamba mashine inavunja punje. Wenzangu wa Maniema walipokutania, uliwajibu, "Muniache. Mukono yangu iko na masikio." Jumapili ulikuja kwetu kula lituma, ukalalamika kwamba dada yako hakuzitwanga ndizi vizuri, naye akakuinulia mchi: "Mutoto ya mama, kula ao toka!" Nilicheka hadi machozi.

Nikaandika. Nilifikiri hivi: sisi wa Maniema tuko mbali na kwetu, lakini ninyi watu wa mtoni mna mto, hamtalala njaa. Niliona huo ni uamuzi wa huruma. Jina lako likawa la tatu.

Uliisoma orodha mlangoni, ukanigeukia mbele ya wote, ukaniita shemeji kwa lugha yenu ya mtoni. "Bon, semeki, unanirudisha mu maji sawa samaki? Mimi sina wavu. Sina mutumbwi. Nilitoka kule mutoto."

Watu walicheka. Wewe hukucheka. Nyumba ya kambi ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo kazi ilipokwisha, na nyumba ilikwisha.

Wiki hiyohiyo mzee Ramazani, mbeba magunia, aliacha kazi mwenyewe. Kumbe siku nyingi alitamani kurudi Kindu, kwetu Maniema.

"Papa, mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Nani aliniuliza?"

Nilikwenda mbio kwa direkta kumwomba alifute jina lako. Akasema orodha imeshapigwa muhuri.

Hapo ndipo nilipoelewa, nami nieleze taratibu, maana ni rahisi kulipita jambo hili bila kuliona. Hasara inaeleza kwa nini watu wapungue. Haielezi kwa nini uwe wewe. Kwa hilo la pili ilitupasa tuwaite watu uani, tuwaambie hali ilivyo, tuulize nani ana pa kwenda na nani hana, nani angekubali kufanya kazi siku tatu badala ya sita. Huenda wangeondoka sita vilevile. Lakini nisingekupa mto ambao hukuwa nao.

Dada yako hakunilaumu kwa maneno. Aliendelea tu kupika lituma ya watu watatu. Tulipomzika mwaka jana ulisimama upande wa pili wa kaburi, kisha ukashuka mtoni bila kunipa mkono. Sasa ninajipikia, sahani moja, nayo siimalizi. Kambini hakuna tena wa kuniita semeki.

Shemeji, mpunga umerudi. Direkta anataka mtu wa chekeche, na ameniomba jina. Karatasi iko mbele yangu, na sijaandika kitu. Pengine sasa una wavu. Pengine una mke, na hutaki kuuona uso wangu. Siwezi kuyajua hayo nikiwa nimekaa hapa, na nilipodhani nayajua nilikufukuza. Nimemwomba direkta asubiri jibu lako, naye amekubali, ingawa kwa shingo upande.

Kaa salama na wote wanaokula nawe. Mwenye boti aliyekupa barua hii anarudi Kisangani leo. Mwambie ndiyo au hapana.

Shemeji yako,
mume wa marehemu dada yako