Mshauri Asiyekula Kwetu

Jumapili, 8 Juni 2025. Mpumudde, Jinja.

Sikwenda kanisani. Mjukuu wangu Peace bado ameugeukia ukuta. Nimempikia mukene, dagaa wetu wa ziwani, kwa mchuzi wa karanga, chakula anachokipenda tangu ana meno mawili. Sahani imerudi na nzi juu. Nikafoka. Nikamwambia wenzako wana malaria, wana njaa, wewe una nini? Huo ukuta unakuonyesha nini? Hata kope hazikucheza.

Ninajua ana nini. Wasichana wa shule wamemwita mtoto wa mwizi. Walimfichia viatu halafu wakamwambia amwulize baba yake viliko. Mwalimu anasema ni utani wa watoto. Utani!

Jude hakuwa mwizi. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna anayetaka kunisikia tena. Mwanangu alikuwa chuo cha ualimu Mbale, mwaka 2009. Jioni moja anatoka hosteli fulani ya Nkoma, mfuko begani, mtu akapiga kelele — mwizi! Basi. Wanafunzi, mafundi, watu wa boda, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wakageuka mahakimu. Walipomaliza ndipo wakafungua mfuko. Pasi ya makaa na mashati mawili. Pasi niliyomnunulia mimi. Polisi wakasema umati hauna jina. Peace alikuwa bado tumboni. Mama yake baadaye akaolewa Soroti, akaniachia mtoto.

Juliet amepiga simu. Huyu ni binti yangu, muuguzi, anakaa Nabuyonga kule Mbale. Anasema kuna mshauri mzuri wa watu wenye huzuni, nimlete Peace. Nikasema Mbale sikanyagi tangu nilipobeba maiti yangu. Akasema, haya mama, kaa hapo, maiti ya pili hutaisafiria.

Ana ulimi kama wangu. Nimefunga mizigo.

Alhamisi, 12 Juni. Nabuyonga, Mbale.

Mlima uko palepale, haukuona haya kunitazama.

Mshauri amekuja hapa nyumbani maana Peace hashuki kitandani. Jina Norman. Miaka arobaini haijafika. Viatu vinang'aa kama vya marehemu mume wangu siku za gwaride la magereza. Nikamuuliza, kijana, kazi yako hasa ni nini? Akasema kusikiliza. Nikasema hata mbuzi wangu anasikiliza, na halipwi. Juliet akanikanyaga mguu. Kijana hakucheka. Alinitazama sana, halafu akatazama chini.

Akaketi sakafuni kando ya kitanda. Baadaye akasema, Peace, nami nitautazama huo ukuta. Wakautazama wote wawili kama wajinga! Nikaenda zangu jikoni.

Nikamletea chai ya maziwa. Hapana, mama. Basi maji. Hapana, mama, asante. Anasema ni sheria ya kazi, hali wala hanywi kwa wagonjwa. Sheria gani inakataza maji?

Anasema yeye ni Mwacholi wa Kitgum, na mji huu ni mgeni kwake, amekuja juzijuzi tu. Vizuri. Nikajisemea, angalau huyu hakuwepo.

Jumanne, 24 Juni.

Peace ameongea!

Nilikuwa nampa ugali wa posho na maharage, najibizana mwenyewe kama kawaida, nikasikia mjukuu akimwita bibi yake: Jajja, umezidisha chumvi.

Nilitoka nikalia nyuma ya choo, asinione. Chumvi! Nitaizidisha kila siku mpaka nife.

Ni yule Norman. Kila siku alikuja kukaa sakafuni, mpaka mtoto akageuza kichwa. Sasa Peace anakwenda mwenyewe ofisini kwake, chumba kilicho nyuma ya kanisa, na jioni nyumba nzima ni anko Norman kasema hivi, anko Norman kasema vile. Sipendi kumsifu mtu anayelipwa kwa kukaa, lakini kijana anaijua kazi.

Nikampelekea nanasi la Jinja, tamu, nililichagua mwenyewe. Akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Nimerudi nalo. Njia nzima limenuka kwenye mkoba, na mimi nimenuna. Mimi! Mke wa afande! Mikono hii imepika harusi na matanga ya kota nzima ya magereza. Hakuna aliyewahi kuikataa.

Ijumaa, 4 Julai.

Hajarah, jirani wa Juliet, muuza chapati, aliniita kula malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, wanayakausha kwa moshi halafu wanayapika kwa karanga. Nikamwambia ninyi Wagisu mnakula miti. Akasema, nanyi watu wa Jinja mnakula viazi vitamu mpaka mmefanana navyo, Mama Juliet, jitazame. Tukacheka. Ni mwanamke mzuri. Nilikuwa sijacheka Mbale.

Nikamlalamikia juu ya Norman na sheria yake ya kutokula. Akapiga paja. Norman yupi? Huyu Mwacholi? Anamshauri mume wangu tangu alipokatwa mguu, na Idd juzi alikuwa amekaa hapohapo ulipokaa. Sahani mbili za pilau! Kijiko tumemnyang'anya.

Nikasema labda sheria ni mpya.

Akasema, sheria gani, na chapati zangu amezila tangu ujana wake. Nilikuwa nauza Nkoma, mbele ya hosteli. Alikuwa mwembamba, kichwa kikubwa, anakopa kila Jumatatu. Halafu akaondoka ghafla, hata mtihani hakufanya. Nikamuuliza, mwaka gani? Akafikiri. Akasema, ule ule waliomwua yule kijana wa pasi.

Hivyo ndivyo anavyoitwa hapa. Kijana wa pasi. Hajarah hajui kuwa ni wangu. Hapa mimi ni Mama Juliet tu.

Akaniongezea malewa. Nikayameza kama kokoto.

Jumapili, 6 Julai.

Nimemenya muhogo asubuhi yote, na kichwa hakimenyeki.

Wanafunzi wa Nkoma walikuwa wengi. Kuwa mwanafunzi si kosa. Lakini kwa nini aseme mji ni mgeni kwake? Na kwa nini ale kwa Hajarah, kwangu asile?

Nimezaliwa baraksi, nimekua baraksi, ndiyo maana hata ugomvi wangu ni wa Kiswahili. Upande wa kulia wa nyumba yetu alikaa mke wa sajenti, Mwacholi, na mwisho wa safu Mwacholi mwenzake. Wale hawakuombana hata chumvi. Mmoja akipita na maji, mwingine anaona heri afe kwa kiu. Si matusi, walisalimiana vizuri sana. Mama yangu akanieleza: mtu wa ukoo wa huyu aliuawa na mtu wa ukoo wa yule. Kwa desturi yao damu ikiwa katikati, watu hawali pamoja, mpaka wazee wakae na kuwapatanisha. Anayekula kabla ya hapo anajiletea kifo nyumbani.

Kijana haogopi mikono yangu. Hadharau nanasi langu.

Mungu wangu.

Peace anaimba bafuni. Sijamsikia akiimba mwaka mzima.

Jumatatu, 7 Julai.

Nimekwenda. Sikumwambia Juliet.

Nilifunga mlango mwenyewe. Nikaweka chupa ya maji mezani, ile ya dukani, haijafunguliwa. Nikasema, kunywa. Akaitazama. Akasema, siwezi, mama. Nikamuuliza: damu ya nani iko kati yangu na wewe?

Akatoka kwenye kiti chake, akapiga magoti. Nikamwambia kaa kwenye kiti, usinipigie magoti, mimi si padri.

Ni yeye aliyepiga kelele.

Kompyuta yake ilikuwa imepotea chumbani. Akachungulia dirishani, akaona mgongo na mfuko mzito. Akasema lile neno. Moja tu. Wakatoka kila upande. Anasema alishuka ngazi akilia waacheni, waacheni! Neno la kwanza lilisikika Nkoma nzima. La pili halikusikiwa na mtu. Usiku huo huo mwenzake wa chumbani akaingia na kompyuta mkononi. Alikuwa ameiazima kuangalia mpira.

Mpira!

Akakimbilia Kampala, akasoma hii kazi ya kusikiliza. Miaka ikampeleka, ikamrudisha. Juliet alipomtajia jina la baba wa mtoto, alipaswa kumpeleka Peace kwa mshauri mwingine. Anajua alipaswa. Anasema alitaka kunirudishia kitu. Nikamuuliza, kitu gani? Pasi?

Anasema vitabu vyote amesoma, lakini bibi yake ndiye aliyemlea kwa desturi ile, na chakula changu hakipiti kooni mwake. Anasema atakwenda polisi. Atamwambia Peace. Niseme mimi, lini na wapi. Amenitupia mzigo wake kama mtu anayetua kuni.

Sikulia mbele yake. Nilichukua chupa yangu nikaaga.

Jumanne, 8 Julai.

Siwezi kuandika.

Alhamisi, 10 Julai. Mpumudde.

Nimerudi Jinja, nimedanganya kwamba mbuzi anaumwa.

Jude amelala nyuma ya nyumba, kando ya baba yake. Nimefyeka majani. Nimemwambia: mwanangu, umesafishwa. Aliyekutukana ametubu kwa mdomo wake. Nikakaa nikingoja kufurahi. Miaka yote nimeingoja furaha hiyo, nikijua itakavyokuwa, nitapiga vigelegele mpaka mto usikie. Haikuja. Ilikuja picha ya Jude njiani, anasikia kelele ya mwizi — na yeye anageuka kumtafuta mwizi. Ndivyo alivyokuwa. Angegeuka kusaidia kumkamata.

Nililia hapo. Hapo hakuna wa kuniona.

Halafu nikaenda dukani kwa Bogere. Huyu Bogere, Peace akiingia, anatoka nyuma ya kaunta na kusimama karibu na bidhaa zake. Nilikwenda nimwambie. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, makali, mengine ya baraksi kabisa. Nikasimama mbele yake. Nikafungua mdomo. Akauliza, nikupe nini, mama?

Nikanunua sukari.

Kwa sababu Bogere akijua, Mpumudde inajua, na Peace atauliza: nani amesema? Na jibu ni anko Norman. Yule aliyekaa naye sakafuni. Mtoto ataugeukia ukuta, na safari hii nani atamgeuza? Mimi na chumvi yangu?

Jumatano, 16 Julai. Nabuyonga.

Nimerudi. Peace amefua sare yake, ameianika. Anataka kufanya mtihani wa darasa la nne la sekondari na wenzake. Amenenepa mashavu. Usiku uliopita aliweka kichwa mapajani mwangu akasema, Jajja, anko Norman ni mtu wa kwanza ambaye hakuniuliza kama baba aliiba kweli. Nilichezea nywele zake. Ningesema nini?

Nilimkuta Norman kwenye geti la kanisa. Amekonda. Nikamwambia, polisi utakwenda, lakini utaniponyea mtoto kwanza. Akasema, mama, kila anapokaa mbele yangu ninamwibia. Nikasema, basi mwizi wetu ni wewe, tumekupata. Endelea kuiba mpaka afanye mtihani.

Akasema, akiniuliza uso kwa uso sitamdanganya. Nikasema utadanganya, umezoea.

Nilikuwa mkali. Lakini nilipolala neno lake lilikaa nami kitandani. Nikisema, Peace atajua baba yake alikuwa safi, na atampoteza aliyemwinua. Nikinyamaza, atapona vizuri, atakua, ataolewa — mtoto wa mwizi. Jina la mwanangu au mtoto wa mwanangu. Mtu gani anamwekea mama mizani kama hii?

Na kuna jambo baya zaidi, naliandika hapa tu: nimemzoea huyo kijana. Nikisikia viatu vyake, moyo unatulia kabla haujakumbuka.

Ijumaa, 18 Julai.

Niko benchi la nje ya ofisi yake, naandikia gotini. Mlango ni mbao nyepesi, kila kitu kinasikika.

Walianza na mambo ya shule. Peace akacheka. Halafu akasema, anko, nimepata nguvu sasa, nataka kuwatafuta waliokuwa Nkoma mwaka ule. Mmoja mmoja. Niwaulize tu walichokiona. Mtoto wangu, anaongea kama hakimu! Norman akasema ni jambo zito, linahitaji muda.

Peace akasema, ndiyo, ndiyo maana naanza na wewe. Mama Hajarah ameniambia ulisoma hapo.

Kiti kimesogea. Sijui cha nani.

Peace anasema, hukuniambia. Hajakasirika, anauliza tu. Anasema, ulimwona baba yangu?

Norman anajua niko hapa. Ameniona nikikaa. Nikikohoa tu atapata njia, atasema jambo lingine, na mimi nitaingia niseme twende nyumbani mvua inakuja. Ananingoja. Ninasikia jinsi anavyoningoja.

Nimesimama. Kalamu bado mkononi, daftari nimeliegemeza ukutani sasa.

Anko? anasema Peace.

Nimeziba mdomo kwa kiganja. Sijakohoa —