Mke Mwenza wa Mama

Jumatatu, 3 Juni

Tangi halikujaa tena leo. Nimesimama pale kwenye kituo cha kupokea maziwa na kipimo changu cha kioo mkononi, kama mganga aliyekimbiwa na wagonjwa. Zamani — zamani gani, mwaka jana tu! — foleni ya keni za maziwa ilikuwa inafika barabarani, watu wanasukumana na kurushiana maneno. Leo wamekuja wachache, wapole mno. Mashudu yamepanda bei. Pumba nazo. Na kampuni inayonunua maziwa yetu imeshusha bei ya lita, eti mjini kumejaa maziwa ya unga ya kutoka nje. Kumlisha ng'ombe sasa ni ghali kuliko anachotoa.

Nafika nyumbani, mume wangu anapiga mluzi! Buchani kwake mambo moto. Kila mtu anauza ng'ombe wake wa maziwa, yeye ananunua kwa bei ya kutupa. Nyumba moja, kitanda kimoja, mke kanuna, mume anapiga mluzi. Nikamwambia, bwana, hao unaowachinja ndio wanaonilipa mshahara. Akacheka, akanipa maini. Nikala, ningefanyaje.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu ya leo jamani! Mama mkwe kaleta maziwa. Nikapima, kipimo kikazama kama kwenye maji. Mepesi. Nikapima tena. Mepesi. Watu nyuma yake macho yote kwangu, waone nitafanyaje. Nikamrudishia. Mama mzazi wa mume wangu! Hakubisha. Alifunga keni yake, akasema haya mwanangu, kazi ni kazi, akaondoka.

Mchana kutwa nimefura. Mtu mzima yule, anatia maji kwenye maziwa! Jioni nikapita kwake nimpe vidonge vyake. Nikamkuta anamkatia ng'ombe mashina ya migomba. Hayo tu. Mashudu hakuna, pumba hakuna, ng'ombe mbavu nje. Mama hakutia maji hata tone. Chakula chenyewe ndicho kimegeuka maji, na maziwa yakafuata. Na mimi ndiye niliyepelekwa kozi ya kupima maziwa! Nikapiga magoti palepale zizini nimwombe radhi. Akasema inuka kwenye mavi, utaharibu gauni. Tumecheka, halafu tukalia kidogo.

Huyo ng'ombe anaitwa Mke Mwenza. Marehemu baba mkwe alimleta akiwa ndama, na usiku wa baridi alikuwa anaamka kwenda kumfunika gunia. Mama akasema basi, nimeletewa mke mwenza mwenye pembe. Jina likaganda. Sasa mume hayupo, wamebaki wake wenza wawili wanatunzana.

Jumapili, 9 Juni

Mama kaja baada ya chakula cha mchana, kavaa nguo za kutokea. Nikajua kuna neno.

Akamwambia mwanawe: Mke Mwenza mchukue wewe. Dalali keshakuja mara mbili, na mimi sitaki mkono wa mtu baki umguse. Mume wangu — anayeangusha ng'ombe wawili kabla ya chai! — akasema hapana mama, tutakununulia mashudu. Kwa hela ipi, mama akauliza, ya ada ya watoto? Na mwezi ujao je? Akasema asibembelezwe, keshaamua. Mume wangu akaitikia "ndiyo mama" kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza. Chai yake ikapoa pale mezani.

Nampenda yule mwanamke. Sijawahi kumwambia.

Jumanne, 11 Juni

Mluzi umekwisha. Tangu Jumapili hajapiga hata mmoja.

Jioni alikaa na mimi jikoni nikimenya viazi. Anasema nyama imejaa mji mzima, bei imeanguka, watu wanakula na kusaza. Lakini leo wamemletea mitamba. Mitamba! Ng'ombe ambao hawajazaa hata mara moja. Na mmoja alipompasua — akaokota ganda la kiazi, akalizungusha vidoleni. Nikaelewa, kulikuwa na ndama ndani. Akasema wanachinja maziwa ya mwakani, na nyama ya mwaka wa pili yake, halafu watauliza mbona vitu havipatikani.

Nikasema "mnachinja," si "wanachinja." Mdomo wangu huu! Alichukua kisu kingine, akakaa akamenya viazi na mimi mpaka vikaisha. Alivimenya vibaya, nusu ya kiazi inakwenda na ganda.

Alhamisi, 13 Juni, asubuhi

Naandika nimekaa kizingitini. Kazini nimeomba ruhusa.

Mke Mwenza yuko uani kwetu tangu jana. Mama alimleta mwenyewe, kwa miguu, kamba mkononi, wakisimama kila palipo na majani. Gari la kumpeleka ng'ombe machinjioni, mume wangu akamchinje kwa mkono wake, liko getini. Kumbe kiwele kimejaa! Nikajaribu kumkamua, akanipiga teke, ndoo ikaruka huko. Mume wangu akajaribu, ng'ombe akagoma kabisa kutoa. Mara mama huyo anaingia, na hakuna aliyemwita. Hawezi kuondoka na kifua kimejaa hivyo, anasema, ataumia njiani. Akaomba kigoda.

Ng'ombe akatulia papo hapo. Maziwa yakaanza, chururu, chururu. Mama kaegemeza paji la uso ubavuni kwake, anamnong'oneza. Sikusikia yote. Nilisikia "mwenzangu." Nikasikia "umsalimie mume wetu." Nimeshindwa kujizuia, nimelia na kanga mdomoni.

Dereva kapiga honi. Mume wangu akatoka na ile kamba, akasema subiri, mama hajamaliza kukamua.

Honi tena. Subiri bwana, nimekwambia mama hajamaliza!

Ndoo imekuwa kimya muda sasa. Kiwele kimelegea, hakina kitu. Mimi naona, mume wangu anaona. Mikono ya mama bado inakwenda vilevile, juu, chini, juu, chini, na macho kayafumba. Mume wangu kasimama katikati ya geti, kaligeuzia gari mgongo, anamtazama mama yake. Kamba kaizungusha mkononi mpaka vidole vimekuwa vyeusi.

Mlango wa gari umefunguliwa. Dereva anashuka. Mume wangu hasogei.