Maporomoko ya Tatu

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba yule wa mwisho ameacha kukohoa. Mimi mwili haujambo. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana kwenye simu kila nikianza, sauti inanikimbia.

Mama anakula, ingawa kidogo. Jana alifagia karakana ya Baba, akatundika misumeno na randa ukutani, akafunga mlango na kunikabidhi ufunguo.

Dada, siku ya msiba wa Baba uliniuliza pale mlangoni mwa jiko ilikuwaje. Nikakujibu kwamba alikuwa mzima, ghafla akaanguka. Haikuwa hivyo.

Unajua pale kiwandani tunashona sare za shule, na kazi zikipungua tunapewa siku moja ya matembezi. Mwaka huu msimamizi wetu, yule mama tunayemwita Sindano kwa ukali wake, alisema twende msituni tukaone maporomoko matatu ya maji, na kila mtu aje na ndugu mmoja. Nilimwambia Baba kwa mzaha tu. Kumbe mwenzangu kashika kweli! Asubuhi nilimkuta sebuleni kafunga kamba za viatu, ananiuliza kiwanda chetu huwa kinaamka saa ngapi.

Tulikuwa watu ishirini na wawili, pamoja na mwongoza njia, mwanamke mwembamba aliyetembea kama hakanyagi chini. Njia ilikuwa ya mizizi na majani yaliyolowa. Baba alikuwa na raha, Dada, raha ambayo sikuwa nimeiona tangu aache useremala. Kila mti aliupiga kofi kama rafiki na kutangaza: huu kabati, ule meza ya watu wanane, ule pale haufai hata mwiko. Watu walimzunguka. Hata Sindano, ambaye meno yake hatujawahi kuyaona, akamuuliza kama yeye angekuwa mti, angemchonga kitu gani. Baba akampima kwa macho juu hadi chini, akasema, "Wewe mama ni mlango wa mbele. Asiyebisha hodi haingii." Sindano alicheka mpaka akashika mti.

Kwenye maporomoko ya kwanza tulinawa uso. Kwenye ya pili tulikaa tukala mkate na mayai. Baba hakula. Niliona jasho jembamba shingoni, midomo imepauka, na mkono wake unasugua bega la kushoto. Nilipomuuliza, alisema ni mkoba umemlemea. Mkoba nilikuwa nimeubeba mimi.

Hapo njia inagawanyika. Moja inarudi barabarani kwa mwendo wa robo saa, nyingine inapanda hadi maporomoko ya tatu. Mwongoza njia alinivuta pembeni akaniambia mzee amechoka, yeye yuko tayari kumshusha polepole akapumzike garini. Baba alisikia. Hakubisha. Alinitazama tu, akasema, "Leo mimi ni mgeni wako. Sema wewe."

Nikasema twende.

Tulipanda ameshika mkono wangu, tukisimama kila baada ya hatua chache. Maji ya kule juu yanaanguka kwa kishindo kiasi kwamba huwezi kumsikia mtu aliye ubavuni. Baba alitamka jambo, nikaona midomo yake tu, akacheka, akaketi juu ya jiwe. Niliinama kujaza chupa. Nilipogeuka, alikuwa ameegemea mwamba na kichwa kimelala begani. Wenzangu walifunga makoti yao kwenye matawi mawili wakambeba. Sindano alishika pembe moja tangu juu hadi chini, hakukubali kupokewa. Kabla hatujafika garini, Baba alikuwa ameshatuacha.

Sasa nakuambia ambalo sijamwambia hata Mama. Wiki mbili kabla ya siku ile nilimpeleka Baba hospitali kwa ajili ya miguu iliyovimba. Daktari aliniita kando akaniambia moyo wake umechoka, asipande hata ngazi. Baba aliniomba nisiwaambie, akasema mtamweka kabatini kama sahani za wageni. Nikanyamaza.

Lakini hata hilo silo linalonikosesha usingizi. Tulipokuwa wadogo, wewe ndiye uliyekwenda naye msituni kuchagua miti ya mbao. Mimi, kwa kifua changu kile, nilibaki dirishani. Mlirudi mnanuka majani, mna vichekesho vyenu wawili ambavyo nikiuliza maana yake, mnazidi kucheka. Pale njia panda niliona kwamba anaumwa. Niliona, Dada, wala sikudanganyika. Nikajisemea moyoni: saa moja tu zaidi, na mimi niwe naye peke yangu. Ulikuwa wivu. Sina jina jingine la kuupa.

Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, baada ya barua hii kukufikia, usije ukalazimika kunifichia.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Ukiona huwezi kunijibu, nitaelewa. Ukiweza, nitukane kwanza mpaka umalize, halafu ndipo uniulize habari zangu.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa naye siku ile.